Nilivyoifungia Redio Kabatini

Leo sikuja kukufundisha. Nimekuja kusema kosa langu.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 41, tangu mwaka 1965 hadi nilipostaafu mwaka 2006. Miaka mingi kati ya hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Hata leo watu wakinikuta njiani huniamkia, "Shikamoo Mwalimu." Wengine hunishukuru. Lakini liko jambo moja ambalo nikilikumbuka sioni la kushukuriwa. Jambo hilo ni la redio moja, kabati moja na ufunguo mmoja.

Nalisema sasa kwa sababu nimeliona tena kwa macho yangu. Safari hii si redio. Ni vishikwambi, yale mashine bapa ya kusomea ambayo walimu wamegawiwa. Mashine ni mpya. Kosa ni lile lile la zamani.

KIJIJI CHANUNUA REDIO

Mwaka 1973 Serikali yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wenzangu wanaikumbuka. Watu karibu milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio katika nchi nzima. Vikundi vilikutana kwa majuma 12.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu. Kwanza watu walisikiliza kipindi cha redio. Kisha aliyejua kusoma aliwasomea wenzake kitabu kwa sauti. Kisha walijadiliana. Mwisho waliamua la kufanya. Wengine walichimba vyoo. Wengine walifyeka majani karibu na nyumba ili mbu wapungue. Wengine walianza kuchemsha maji ya kunywa. Redio ilisema kwa dakika chache tu. Kazi ilifanywa na watu.

Kikundi cha kijiji chetu, huku Kanda ya Ziwa, kiliazima redio ya mwenye duka. Kampeni ilipokwisha, watu walisema, "Na sisi tuwe na redio yetu." Mwaka 1975 shamba la pamba la kijiji lilitoa mavuno mazuri. Mkutano wa kijiji ukakata shauri. Redio ikanunuliwa, ikawekwa shuleni. Mchana iwasaidie watoto na walimu. Jioni iwasaidie watu wazima katika madarasa ya kisomo chenye manufaa.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu mkuu. Mwenyekiti wa kijiji alinikabidhi redio mbele ya watu wote. Alisema, "Mwalimu Mkuu, hii ni mali yetu. Itunze."

Neno hilo "itunze" liliniingia moyoni. Nikaitia redio katika kabati la ofisi. Nikafunga. Ufunguo nikaufunga kwa kamba na kuutia mfukoni mwangu.

MWALIMU KIJANA

Mwezi Novemba mwaka 1974 lilitolewa Azimio la Musoma. Azimio hilo lilitaka kila mtoto wa umri wa shule apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Ilikuwa habari njema sana. Lakini watoto walikuwa wengi, na walimu walikuwa wachache. Shuleni kwangu darasa la kwanza lilipata watoto 112. Tukawagawa. Wengine walisoma asubuhi, wengine mchana.

Walimu wangetoka wapi? Serikali ilichukua vijana waliomaliza darasa la saba. Vijana hao walifundisha huku wakijifunza ualimu kwa muda wa miaka mitatu. Walijifunza kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa kusaidiwa na walimu wazoefu katika shule zao. Watu waliwaita walimu wa UPE. Wengine waliwacheka. Lakini bila vijana hao, watoto wengi wa vijijini wangekaa nyumbani.

Shuleni kwangu waliletwa wawili. Mmoja alikuwa na miaka 19. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye haya. Alifundisha darasa la kwanza asubuhi na mchana. Usiku alisoma kwa kibatari.

Siku moja alikuja ofisini. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Mwalimu Mkuu, masomo yetu ya redio yameanza. Naomba kusikiliza redio ya shule."

Nikamjibu, "Redio ile ni mali ya kijiji. Ikiharibika, nani atalipa? Na betri ni ghali. Nitafikiri."

Alirudi juma lililofuata. Nikamwambia betri zimekwisha nguvu. Alirudi tena. Nikamwambia nina kazi nyingi. Baada ya hapo hakurudi.

Ndugu msomaji, nakuambia kweli. Niliogopa redio isiharibike. Hilo ni kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine moyoni. Mimi nilisoma hadi darasa la nane, kisha chuo cha ualimu miaka miwili. Niliogopa kijana yule atasikia mambo mapya ya ufundishaji ambayo mimi siyajui. Niliogopa ataniuliza swali mbele ya walimu, nami nikose jibu. Ufunguo ule ulinipa cheo. Yeyote aliyetaka redio ilimpasa kuniomba mimi.

BARUA YA ONYO

Baada ya miezi michache niliona jambo. Mara mbili kwa juma yule kijana alitoka shuleni mapema. Watoto wa mkondo wa mchana walibaki wakicheza. Nikakasirika. Nikamwandikia barua ya onyo. Nilisema ni mtoro, hana moyo wa kazi.

Alipokea barua kwa mikono miwili. Hakusema neno.

Siku chache baadaye alikuja Mratibu Elimu Kata. Alikuja kwa baiskeli kuwatazama walimu vijana. Nikamwonyesha nakala ya barua. Nilidhani atanisifu. Yeye akamwita kijana, akamwuliza kwa upole, "Mwalimu, unakwenda wapi siku hizo?"

Kijana akajibu, "Nakwenda kijiji cha jirani, Mratibu. Kuna duka lenye redio. Mwenye duka ananiruhusu kusikiliza masomo. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Nisipotoka mapema nakuta somo limekwisha."

Mratibu akanigeukia. "Shule hii haina redio?"

Nikasema, "Ipo."

"Iko wapi?"

Nikatoa ufunguo mfukoni.

Nilipofungua kabati, panya alitoka mbio. Redio ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa nilichokifunika mwenyewe. Mratibu akaibonyeza. Kimya. Akafungua mahali pa betri. Betri zilikuwa zimevimba na kuvuja. Maji yake yalikuwa yamekula vyuma na nyaya. Nilikuwa nimeiweka miezi mingi na betri zake ndani. Sikujua kwamba betri za namna ile zikikaa bila kazi huvuja. Ningeziondoa tu, redio ingepona. Lakini mtu asiyeitumia mashine hawezi kuijua.

Redio niliyoifungia isiharibike, ilikuwa imeharibikia pale pale nilipoifungia.

MBELE YA MKUTANO WA KIJIJI

Mratibu hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu Mkuu, wenye mali ni wanakijiji. Waambie mwenyewe."

Nikasimama mbele ya mkutano wa kijiji. Nikaeleza. Watu wakanyamaza. Kisha akasimama mama mmoja wa darasa la kisomo. Alikuwa ndiyo kwanza amejua kuandika jina lake. Akasema:

"Mwalimu, pamba iliyonunua redio ile niliilima mimi na wenzangu. Jembe langu nalitunza kwa kulilimia. Nikiliweka ndani linaota kutu. Wewe redio yetu umeitunza, au umeizika?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Nikalipa matengenezo kwa mshahara wangu. Fundi wa mjini alibadilisha vyuma vya betri na nyaya, redio ikasema tena. Barua ya onyo nikaichana mbele ya yule kijana, nikamwomba radhi.

Lakini yapo yasiyotengenezwa na fundi. Mwenzake wa darasa moja, aliyepelekwa shule nyingine, alifaulu mtihani wa ualimu mapema. Yeye aliurudia. Alikaa mwaka mmoja zaidi bila cheti na bila mshahara wa mwalimu kamili. Sisemi ni redio peke yake iliyomwangusha. Lakini najua saa alizopoteza njiani. Najua usiku alioshika kitabu huku miguu ikimuuma. Saa hizo nilimwibia mimi.

TULIVYOBADILI MAMBO

Baada ya mkutano ule tuliweka utaratibu mpya. Ufunguo ulitoka mfukoni mwangu. Ukatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi, na kila mwalimu aliujua. Tuliweka daftari. Aliyechukua redio aliandika jina, siku na saa. Aliyeirudisha aliandika tena. Sehemu ndogo ya fedha za shamba la shule ilinunua betri. Likizo ikifika, betri ziliondolewa.

Tulijifunza pia kwamba redio peke yake haifundishi. Mara ya kwanza tuliiweka mbele ya watoto, tukakaa pembeni kupumzika. Watoto walisikia sauti tu. Wakasinzia. Ndipo nikakumbuka vikundi vya Mtu ni Afya. Tukafuata njia ile. Kabla ya kipindi, mwalimu aliandika ubaoni maneno magumu na kuyaeleza. Wakati wa kipindi alizunguka darasani, akionyesha picha na ubao. Baada ya kipindi aliuliza maswali, na watoto wakafanya kazi. Hapo redio ikawa na faida.

Mimi mwenyewe nilianza kukaa nyuma ya darasa na kusikiliza kama mwanafunzi. Yule kijana alinieleza mambo ambayo sikuyajua. Siku ya kwanza niliona haya. Siku ya pili niliona raha. Cheo changu hakikupungua. Walimu walianza kunijia na shida zao, jambo ambalo hawakulifanya nilipokuwa na ufunguo.

VISHIKWAMBI NAVYO VYAFUNGIWA

Miaka ikapita. Nikastaafu. Mwezi Machi mwaka 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Corona. Masomo yakatangazwa kwa redio na televisheni. Mjukuu wangu alikuwa darasa la nne. Nikatoa redio yangu nje, chini ya mwembe. Nikamwambia alete daftari. Watoto wa jirani wakaja, nikawakalisha mbali mbali. Nilifanya kama zamani: maneno magumu kwanza, maswali baadaye. Mzee niliyefungia redio, sasa nikawa mwenye kuifungulia.

Mwaka 2022 ikafanyika Sensa ya Watu na Makazi. Watu 61,741,120 walihesabiwa, na makarani walitumia vishikwambi. Baada ya sensa Serikali ilivigawa vishikwambi kwa walimu ili viwasaidie katika kazi. Niliposikia habari hiyo nilifurahi.

Siku moja nilikwenda katika shule anayosoma mjukuu wangu mwingine. Mwalimu mkuu ni mama kijana, mchapakazi. Aliniamkia kwa heshima, akanipa kiti. Tukazungumza. Nikamwuliza, "Mwanangu, vile vishikwambi vinawasaidiaje?"

Akatazama chini. Akaonyesha kabati.

"Viko humo, Mzee. Vimetunzwa vizuri. Vingine bado viko ndani ya maboksi yake. Unajua, ni mali ya Serikali. Kikivunjika nitajibu nini? Na baadhi ya walimu hawajui kuvitumia. Wataviharibu."

Ndugu msomaji, nilisikia sauti yangu ya miaka ile ikitoka katika kinywa chake.

Sikumlaumu. Hofu yake ni ya kweli. Mwalimu mkuu hubeba mzigo wa kila kitu: madawati, chaki, choo, chakula cha watoto, na barua za wakubwa. Kitu kikipotea, yeye ndiye huulizwa wa kwanza. Lakini mtoto akikosa kujifunza, mara nyingi hakuna anayemwuliza. Ndiyo maana ni rahisi kulinda mashine kuliko kulinda somo.

Nikamsimulia habari ya redio. Nilimsimulia yote, hata ile barua ya onyo. Nilipofika kwa panya alicheka. Nilipofika kwa yule kijana aliacha kucheka.

Nikamwambia jambo moja ambalo mjukuu wangu fundi wa simu alinifundisha. Betri ya kishikwambi si kama betri za redio ile. Haina haja ya kuondolewa. Lakini nayo ikiachwa tupu kwa miezi mingi bila kuchajiwa, huweza kufa kabisa. Kabati haliwi dawa ya kila kitu.

ALIVYOFANYA MWALIMU MKUU YULE

Juma lililofuata aliita walimu wake. Kila mwalimu alikabidhiwa kishikwambi chake na kutia saini katika daftari la vifaa. Umeme umefika shuleni, basi wakaweka mahali pa kuchajia katika ofisi ya walimu. Kila Jumatano mchana, baada ya vipindi, walimu hukaa pamoja kwa saa moja. Anayejua humfundisha asiyejua. Mwalimu mkuu naye hukaa katika benchi kujifunza. Mwalimu wake hapo ni binti aliyeajiriwa juzi tu.

Mtandao kijijini ni hafifu, na vifurushi vya intaneti ni vya kununua. Kwa hiyo mwalimu mmoja akienda mjini hupakua vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania kutoka katika maktaba yake ya mtandao. Akirudi, wenzake huvipata kutoka kwake na kuvisoma bila kuhitaji mtandao.

Niliitwa kutazama somo moja la sayansi, darasa la sita. Watoto walikuwa zaidi ya 60. Kishikwambi kimoja hakiwezi kutazamwa na watoto 60 kwa mara moja. Mwalimu aliwagawa katika vikundi. Kikundi kimoja kilitazama picha ya moyo wa mtu ukisukuma damu. Vikundi vingine vilichora moyo katika daftari, au vilihesabu mapigo ya mishipa mikononi mwao kwa dakika moja. Kisha wakabadilishana. Mtoto mmoja alishika kifua chake, akasema, "Kumbe hapumziki hata nikilala!" Mwalimu mkuu alikuwa amekaa nyuma ya darasa. Aliandika katika daftari lake.

Kishikwambi kimoja kilipata ufa kwenye kioo mwezi ule ule. Kilianguka mezani. Mwalimu mkuu aliandika taarifa, akaipeleka. Hakufungwa. Hakufukuzwa. Masomo yakaendelea.

NDUGU ZANGU WAZAZI

Shule ni ya kijiji. Si ya mwalimu mkuu peke yake. Mkiitwa katika mkutano wa wazazi, msikae kimya. Ulizeni kwa heshima na bila ugomvi:

1. Shule yetu ina vifaa gani vya kufundishia?
2. Viko wapi sasa, na vinatumika siku gani?
3. Nani anavichaji na kuvitengeneza?
4. Walimu wamepata nafasi ya kujifunza kuvitumia?
5. Sisi wazazi tusaidie nini?

Swali la tano msilisahau. Mwalimu mkuu anayeachwa peke yake ataogopa, na mwenye hofu hufunga milango. Shule ikihitaji nondo za dirisha au mlango imara, changieni nguvu zenu. Kitu kikiharibika kazini, msimrukie mwalimu kama mwizi. Jembe hupinda shambani. Tunalinyoosha, tunaendelea kulima.

Nanyi walimu wakuu, wanangu, nawaombeni. Msipime uongozi wenu kwa idadi ya vitu vilivyobaki vipya. Upimeni kwa watoto wanaojua leo jambo ambalo jana hawakulijua. Kaeni nyuma ya darasa. Ulizeni msichokijua, hata kwa mwalimu mdogo kuliko nyote.

Yule kijana wa miaka 19 alipata cheti chake. Baadaye naye akawa mwalimu mkuu. Naye sasa amestaafu, ana mvi kama mimi. Mwaka mmoja, kabla hajastaafu, nilimtembelea shuleni kwake. Tulikunywa chai ofisini. Hatukuzungumza habari ya redio. Lakini nilipoinuka kuaga niliona kitu nyuma ya mlango wake. Ulikuwapo msumari, na juu ya msumari ulitundikwa ufunguo wa kabati.

Ndugu zangu, fungueni makabati.